Maswali yenu: Ni kweli Windhoek wanakunywa maji taka?

SWALI: Habari za kazi ndugu mhariri. Kuna jamaa kaniambia kule Windhoek, Namibia, watu wanakunywa maji yaliyotoka chooni, mi nikambishia sana mpaka tukakaribia kugombana. Hebu tumalizie huu ubishi, na kama ni kweli, kwa nini wasijenge tu mabwawa mengi?

JIBU: Jamaa yako yuko sahihi, ila kalisema vibaya. Ni maji taka ya mji yanayosafishwa upya mpaka yanafaa kunywa, na sio jambo la jana, walianza 1968, ndo mji wa kwanza duniani kurudisha maji ya aina hiyo moja kwa moja kwenye mabomba ya watu. Mtambo wa sasa wa Goreangab ulianza kazi 2002 na unaweza kutoa mita za ujazo 21,000 kwa siku, yaani lita milioni 21.

Najua kinachokusumbua ni kinyaa, hata mimi nilikuwa nacho kabla sijasoma wanavyofanya. Maji yanasafishwa kwanza kwenye mtambo wa kawaida wa maji taka, ndo yanaingia Goreangab, huko yanapigwa ozoni (gesi ya kuua vijidudu), yanapita kwenye mchanga, halafu kwenye mkaa maalumu, halafu kwenye utando wenye vitundu vidogo sana, mwisho klorini. Zinapangwa hatua nyingi hivyo kusudi moja ikishindwa kukamata kidudu fulani inayofuata ikikamate, na yakitoka hapo yanachanganywa na maji ya vyanzo vingine ndo yanakwenda majumbani. Na kitu ambacho watu wengi hawakijui, maji taka ya viwandani yanatengwa na yana njia yake, manake kemikali za kiwandani ni ngumu kuzitoa kuliko uchafu wa binadamu. Kwangu mimi hapo ndo penye akili yote, usafi umeanzia kwenye kuchagua nini kiingie.

Sasa mabwawa. Namibia haina hata mto mmoja wa kudumu ndani ya nchi, mito ya maji ya mwaka mzima kama Orange, Kunene na Okavango iko mipakani, mbali na mji mkuu. Na hiyo mvua kidogo wanayopata, inakadiriwa asilimia 83 inarudi hewani kwa jua, karibu 14 inachukuliwa na mimea, 2 tu ndo inatiririka na kuweza kufika bwawani, na 1 inazama ardhini. Kwa hiyo ukijenga bwawa pana lenye kina kifupi umelitandazia jua maji yako. Ndo maana maji ya bwawa la Omatako wanayahamishia bwawa la Von Bach ambalo lina kina zaidi, wanalipa umeme wa kusukuma ili wasipoteze maji kwa jua, na hesabu inawalipa.

Wana na njia nyingine ambayo mi naona ingefaa kuigwa na nchi nyingi kavu: mwaka wenye mvua nzuri wanachukua maji ya mabwawa yaliyosafishwa wanayashindilia chini kwenye miamba kupitia visima virefu, jua haliyaoni tena. Kwenye ukame wa 2015 na 2016 mabwawa yalipokaribia kukauka, visima vya chini ya mji vilisaidia sana.

SWALI: Namibia si ina bahari ndefu tu pale, kwa nini wasitoe chumvi wakamaliza shida?

JIBU: Wanatoa. Kaskazini ya Swakopmund kuna mtambo uliofunguliwa 2010, ulijengwa kwa ajili ya mgodi wa urani na sasa unahudumia pia miji ya pwani. Tatizo ni Windhoek yenyewe iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na jangwa lipo katikati, kila lita lazima isukumwe kupanda huo mlima wote baada ya kuwa imeshakula umeme mwingi kutolewa chumvi. Inawezekana, na mipango inazungumzwa, lakini maji ya namna hiyo yatakuwa ghali, na ukiyafikisha juu huko kwa gharama yote hiyo halafu uyatumie mara moja tu uyamwage, utakuwa umefanya nini? Hata yakija ya baharini, Goreangab itabidi iendelee.