Umekohoa wiki mbili, TB hawajaiona? Omba upulize kipimo

Hiki kitu huwa nawaambia wateja saluni kila siku, ngoja leo nikiandike. Ukiwa mtu mzima umekohoa wiki mbili tatu, umepima makohozi wakakwambia TB hakuna, usikimbilie kushangilia. Umeambiwa huna TB, hujaambiwa una nini, na inaweza kuwa pumu.

Changu kilianza na mafua ya kawaida tu, mafua yakaisha kikohozi kikabaki, kikavu, kinanikamata usiku wa manane na alfajiri ila mchana niko fresh napiga stori na wateja. Duka la dawa wakanipa amoksilini, baadaye azithro, na sirapu (sirapu angalau tamu). Zahanati wakasikiliza kifua, kisafi, eksirei nayo safi. Wengi wanaishia hapo, kumbe pumu ikiwa imetulia kifua kinaweza kisisikike na kitu kabisa, maana mirija ya hewa inabana na kuachia, haikai imebana muda wote.

Daktari aliyenisaidia alikuja na maswali mapya. Usiku kifua kinapiga miluzi? Moshi wa mkaa, vumbi, pafyumu vinakuanzishia? Kwenu kuna mwenye pumu? Halafu akauliza siku usipoenda kazini unapata nafuu? Eh! Siku tukifunga saluni nalala kama mtoto. Ile blichi ya unga tunayogeuzia nywele rangi ina kemikali inaitwa pasalfeti, inajulikana kabisa kuleta pumu kwa watu wa kazi yetu, hata kama utotoni hukuwahi kuumwa.

Kipimo chenyewe ni spirometa. Unajaza pumzi, unapuliza kwa nguvu mpaka iishe, unavuta salbutamol (dawa ya kufungua mirija), unasubiri kama dakika 15 unapuliza tena. Hewa ya sekunde ya kwanza ikiongezeka kwa zaidi ya asilimia 12 na mililita 200, inaelekea ni pumu. Mirija ikibaki imebana hata baada ya dawa, hasa kwa mvuta sigara au mama aliyepikia kuni miaka yote, wanaanza kufikiria COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu unaobana mirija moja kwa moja. Kama spirometa hakuna, kuna kile kidude cha mkononi kinaitwa peak flow meter, unapuliza asubuhi na jioni wiki mbili unaandika namba, zikipandapanda na kushuka sana mpelekee daktari.

Na msidhani ni mimi tu. Uholanzi walipima watu wazima waliofika kwa daktari na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, hawakuwa wanajulikana na pumu wala COPD, majibu yakatoka 1998, karibu nusu walikuwa na mojawapo.

Mtajie daktari na dawa unazokunywa, za presha kama enalapril na kaptopril zinaleta kikohozi kikavu. Ukiona damu, unakonda au unaloa jasho usiku, rudi kwenye TB hata kama walishasema huna.

Ukikutwa na pumu usikubali kubaki na inhela ya salbutamol peke yake, hiyo inafungua mirija tu, uvimbe wa ndani unahitaji inhela yenye steroidi. Maneno ya mtaani eti ukianza inhela huachi tena, achana nayo. Mimi vidonge vya salbutamol ndo vilinitetemesha mikono nikashindwa hata kushika mkasi, inhela haijanifanya hivyo. Blichi nimemwachia mwenzangu, anachanganyia nje kibarazani na barakoa usoni, nae nimeshamwambia akianza kukohoa aniambie mapema.