Kumezea mate au kutokwa na udenda?

Ndugu uliyeuliza lipi liandikwe kwenye bango lako la kuuzia pweza hapo Ngamiani, Tanga: usiandike udenda. Udenda ni mate yanayochuruzika nje ya mdomo, ya mtoto anayeota meno au mtu aliyelala fofofo. Ukisema "fulani anatokwa na udenda" umemtania kwa uroho, na mteja hapendi kutaniwa kabla hajalipa.

Kumezea mate ni kutamani, mara nyingi kitu usichokuwa na uhakika wa kukipata. Ndiyo maana huvuka chakula: mtu huimezea mate kazi, nyumba, hata mchumba wa mwenzake (hapo pana ugomvi). Kwa chakula kilicho mbele yako sema "mate yananijaa mdomoni". Angalia upatanisho: mate hayana umoja, ni yananijaa, si inanijaa, udenda unamtoka.

Asili ya neno "mate" ni Kibantu. Wakikuyu husema mata, Washona mate, Wazulu amathe. Tamaa ndiyo iliyotoka Kiarabu.

Kinachotoa mate zaidi ni ukali wa ndimu, ukwaju au embe bichi. Tezi kubwa za mate ni jozi tatu, na zile zilizo mbele ya masikio ndizo unazozisikia zikibana ukiuma embe la chumvi na pilipili. Mtu aliyezoea huanza kujaa mate akiliona tu linamenywa.

Bangoni andika "Pweza wa kujaza mate mdomoni".