Midomo inacheza akisoma kimya

Dada, umeuliza kwa nini mwanao wa darasa la pili anachezesha midomo hata akiambiwa asome kimya. Mwache. Bado anajenga neno silabi kwa silabi, ko-ro-sho, na sikio ndilo linalomwambia kuwa neno hilo analijua. Tena Kiswahili kinambeba, maana kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto wa Uingereza ana kazi zaidi.

Sisi watu wazima nasi hatujaacha sauti, tumeificha tu. Neno tulilolizoea tunalitambua kwa kulitupia jicho, lakini sauti yake inalia kichwani papo hapo. Vipimo vya umeme wa misuli huonyesha midomo na koo vikifanya kazi kidogo, hasa maandishi yakiwa magumu. Soma hii kimya kimya, haraka: "Wale watu wa Liwale wala wali wa Liwale." Umejikwaa, na ulimi haukusogea!

Huku kwetu Mtwara hata madaftari yanasema: mtoto anaandika "ntoto", "nchele". Tunacheka (mimi wa kwanza), kumbe anaandika anachokisikia kichwani. Akifika darasa la nne bado anakokota silabi moja moja, hapo kaongee na mwalimu.