Mpango wa Amani wa Mashariki ya Kati Ukifika Mezani Kwenu

Ninyi mnaoanza kazi kwenye dawati la habari za kimataifa, mapema au baadaye mtaletewa mpango mpya wa kumaliza mgogoro wa Waarabu na Israeli. Utakuwa na jina la kuvutia, ramani ya rangi na picha ya viongozi wakipeana mikono, na mhariri atataka habari ndani ya saa moja. Nimehariri habari za namna hii kwa miaka mingi, na ninachowaomba ni hiki: ulizeni nani atautekeleza, na akighairi atapoteza nini.

Pa kujifunzia ni Camp David, makazi ya mapumziko ya marais wa Marekani. Tarehe 17 Septemba 1978, baada ya siku 13 za mazungumzo ya faragha, Rais Anwar Sadat wa Misri na waziri mkuu Menachem Begin wa Israeli walitia saini hati mbili, Rais Jimmy Carter wa Marekani akiwa shahidi. Moja ilihusu Misri, Israeli na rasi ya Sinai, ardhi ya Misri iliyokuwa imetekwa na Israeli. Nyingine iliwaahidi Wapalestina wa Ukingo wa Magharibi na Gaza kujitawala kwa kipindi cha mpito cha miaka 5, kisha hatima yao ijadiliwe. Hati ya Sinai ilizaa mkataba wa Machi 1979, na kufikia Aprili 1982 Israeli ilikuwa imeondoka katika rasi hiyo, isipokuwa kipande kidogo cha Taba kilichobaki na ubishi. Hata Yamit, mji wa walowezi wa Kiisraeli huko Sinai, ulibomolewa. Mkataba huo haukufa Sadat alipouawa Oktoba 1981, wala Israeli ilipoivamia Lebanon mwaka uliofuata, wala Misri ilipopinduka mwaka 2011. Ahadi ya kujitawala kwa Wapalestina haikutekelezwa.

Hapa msipite haraka, maana hati zote mbili zilitoka katika chumba kimoja, siku moja, kwa watu walewale. Kuhusu Sinai, Sadat na Begin walikuwa wakiahidi vitu vilivyo mikononi mwao: kila mmoja aliweza kuamuru jeshi lake. Kuhusu Wapalestina, hapakuwa na Mpalestina hata mmoja mezani. PLO, yaani Chama cha Ukombozi wa Palestina, iliikataa hati hiyo, naye Begin hakuwa na nia ya kuuachia Ukingo wa Magharibi, ambao aliuita Yudea na Samaria na kuuhesabu kuwa ardhi ya mababu zake. Tena Sinai kulikuwa na hasara ya wazi kwa atakayevunja ahadi. Misri ilirudishiwa ardhi na visima vya mafuta, ikapata na msaada mkubwa wa Marekani. Israeli ilipumzika na tishio la jeshi kubwa kuliko yote ya Kiarabu. Na mkataba haukuachia mambo kwa nia njema peke yake: uligawa eneo la mpaka katika kanda nne, ukaeleza askari na silaha zinazoruhusiwa katika kila kanda, na tangu 1982 kuna kikosi cha kimataifa kinachokagua.

Sasa ulinganisheni na mpango wa Oslo wa Septemba 1993. Safari hii Wapalestina walikuwepo, na PLO na Israeli walitambuana. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na msikubali anayelidharau. Lakini Jerusalem, wakimbizi, makazi ya walowezi na mipaka viliwekwa kando, vijadiliwe ndani ya kipindi cha mpito cha miaka 5. Miaka hiyo ikawa nafasi kwa kila aliyetaka kuvunja. Februari 1994 mlowezi wa Kiyahudi aliwaua waumini 29 msikitini Hebron, Ukingo wa Magharibi. Hamas, kundi la Kipalestina lililopinga makubaliano, ililipua mabasi ya abiria. Novemba 1995 Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israeli, aliuawa na Myahudi mwenzake aliyepinga makubaliano. Wakati huohuo makazi yaliendelea kujengwa: walowezi wa Ukingo wa Magharibi, bila kuhesabu Jerusalem Mashariki, walikuwa zaidi ya 100,000 wakati wa Oslo, na leo wamepita 400,000. Kwa hiyo mkisoma kwamba masuala magumu yataamuliwa baadaye, habari yenu iko hapo.

Tarehe nazo zisiwatie moyo mno. Mpango wa mwaka 2003 ulioitwa Ramani ya Njia ulitaka suluhisho la kudumu ifikapo 2005. Mkutano wa Annapolis wa 2007 ulilenga mwisho wa 2008.

Fedha pia. Juni 2019, mjini Manama, Bahrain, Marekani ilitangaza uwekezaji wa dola bilioni 50, na uongozi wa Wapalestina ukasusia. Ramani iliyofuata Januari 2020 iliwaachia Israeli makazi yake ya Ukingo wa Magharibi. Barabara na viwanda ni vitu vizuri, ila havijibu nani ana mamlaka juu ya ardhi vitakapojengwa.

Wapo pia wanaopendekeza nchi moja kwa wote. Muammar Gaddafi, aliyekuwa kiongozi wa Libya, aliipa hata jina, Isratin. Wazo hilo lina watetezi makini, Wayahudi kwa Wapalestina. Waulizeni wote swali moja: jeshi litaongozwa na nani mwaka wa kwanza, na mwenye silaha leo atazikabidhi kwa sababu gani?

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kushtuka mtu anapogawa nchi akiwa mbali. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapa viongozi wa Kizayuni, waliotafuta nchi ya Wayahudi, pendekezo la kuhamia Uasin Gishu, ambayo leo ni Kenya. Lilijadiliwa katika mkutano wao Basel, Uswisi, wakaguzi wakatumwa, likakataliwa 1905. Wenyeji wa nyanda zile hawakuulizwa.

Hata hivyo, msije mkawa watu wa kuandika kwamba amani haiwezekani. Septemba 1967 viongozi wa Kiarabu walisema Khartoum: hakuna amani na Israeli, hakuna kuitambua, hakuna mazungumzo nayo. Novemba 1977 rais wa Misri alihutubia bunge la Israeli. Aliyeandika "kamwe" alikosea vibaya, na waliouawa Misri na Israeli zilipopigana katika vita vya Oktoba 1973 hawakuwahi kuiona siku hiyo.

Mpango ukifika, basi, anzieni kwenye viambatisho: nani anaondoka wapi, lini, nani anakagua, nani anaamua wakibishana. Taba, kwenye ufukwe wa Ghuba ya Aqaba, Misri na Israeli walishindwa kukubaliana mpaka unapita wapi, lakini mkataba wao ulikuwa na kifungu cha usuluhishi. Jopo liliipa Misri haki mwaka 1988, na 1989 Israeli ikaikabidhi Taba. Tafuteni kifungu cha aina hiyo katika mpango mliopewa. Kama hakimo, semeni hivyo katika aya ya pili.