Uliza Fundi: Pico ya Sega, vitabu vyake na umeme wa Japani

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache Pico, mashine ya kufundishia na kuchezea ambayo kampuni ya Sega iliitoa Japani mwaka 1993 kwa ajili ya watoto wa chekechea na wale wanaoanza shule. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotarajia, na zimenipa moyo. Kabla sijashika pasi ya kulehemu nilifundisha darasa la kwanza. Kati ya vifaa vyote vya umeme nilivyoona vikitengenezwa kwa watoto wa umri ule, hiki ndicho kilichofikiriwa kwa makini zaidi. Kwa hiyo safari hii nafasi yote naiachia Pico.

Shikamoo Mwalimu. Niko Columbus, Ohio. Kwenye duka la mitumba nimepata kitu cha plastiki kinachofunguka kama kompyuta ya mapajani, kina kalamu yenye waya, na pamoja nacho vitabu vitatu vya picha. Mume wangu anasema ni kompyuta ya watoto iliyokufa. Nimeiunganisha na TV, picha inatoka, ila kalamu haifanyi lolote. Niitupe?

Marahaba, mwanangu. Usitupe, wala usimpe mtu kabla hujamaliza kusoma hapa.

Hivyo vitabu ndivyo gemu zenyewe. Sega waliviita Storyware. Chipu imefichwa ndani ya kitabu, kwa hiyo kitabu unakichomeka kwenye mashine kama tulivyokuwa tukichomeka kaseti za gemu. Mtoto anafunua ukurasa, vihisi vya mashine vinatambua ni ukurasa gani, na TV inabadilisha mandhari palepale. Akigusa mnyama kwenye picha kwa kalamu, mnyama anaamka kwenye TV. Chini ya kitabu pana ubao wa kuchorea. Ndani yake mna prosesa ya 68000 ya Motorola, ileile iliyoendesha Mega Drive, mashine ya gemu ya Sega ambayo huko mliko iliuzwa kwa jina la Genesis. Pico iliingia Marekani mwaka 1994, ikaondolewa sokoni mwaka 1998, kisha kampuni ya Majesco ikairudisha mwaka 1999 kwa bei ya chini. Haikushika sana huko. Japani ndiko ilikopendwa: hadi mwaka 2005, ilipompisha mdogo wake aitwaye Beena, Sega walisema wameuza mashine milioni 3.4 za Pico.

Sasa kalamu. Iweke juu ya ubao wa kuchorea na uisogeze taratibu bila kubonyeza. Alama kwenye TV ikisogea lakini kubonyeza hakuleti kitu, basi tatizo ni swichi ndogo iliyo kwenye ncha. Hiyo imekula vumbi, na mara nyingi inarudi kwa kusafishwa. Alama isiposogea kabisa, shuku waya. Ushike pale unapoingilia kwenye kalamu, uupinde kidogo huku na huku mashine ikiwa inawaka. Ukiona alama inashtuka, nyuzi za shaba zimekatika ndani ya ganda. Watoto wote huvuta kalamu kwa shingo yake, na shingo ndiyo hufa kwanza. Fundi yeyote mwenye mita na mkono mtulivu atakata kipande kilichochoka na kulehemu upya. Mwambie tu ahifadhi mpangilio wa rangi za waya kwa kuupiga picha kabla ya kukata.

Na usiuzungushie waya huo mwilini mwa mashine unapoihifadhi. Ganda la nyaya za namna hii lina kilainishi ambacho hutoka polepole mwaka hadi mwaka na kuila plastiki linayoigusa. Utafungua siku moja ukute alama ya waya imechorwa juu ya jalada na haitoki. Ufunge kalamu na waya wake kwenye kitambaa cha pamba, basi.

Mwalimu, shikamoo. Binamu yangu anayeleta vitu kutoka Japani amenipa Pico na adapta yake. Niko Tanga. Adapta pini zake ni bapa, nimetafuta kigeuzi cha plagi. Je, naweza kuchomeka?

Marahaba. Hapana! Kigeuzi cha plagi kinabadili umbo la pini tu, umeme unabaki vilevile. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Adapta ile ni transfoma ya kizamani, nzito mkononi, na imeandikwa nyuma yake inakubali kiasi gani. Ukiichomeka kwenye soketi ya Tanga itapata moto, itanuka, na kama una bahati itakufa peke yake bila kuchukua mashine.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kununua transfoma ya kushusha umeme hadi volti 100. Ya pili, ambayo ndiyo ninayoitumia, ni kuiweka adapta ya Japani kabatini kama sehemu ya kumbukumbu na kununua adapta nyingine ya volti 9 za DC. Hapa kuna mtego ambao umeua mashine nyingi za Sega za miaka ile. Adapta nyingi zinazouzwa madukani kwetu leo zina chanya katikati ya pini na hasi nje. Baadhi ya zile za Sega wakati ule ziko kinyume, hasi ndiyo ya katikati. Geuza mashine, tafuta mchoro mdogo wenye duara na alama za kujumlisha na kutoa, ulinganishe na mchoro ulio kwenye adapta. Kisha pima kwa mita kabla ya kuchomeka, maana mchoro wa adapta ya bei rahisi si wa kuaminiwa. Usiridhike kwa sababu pini imeingia vizuri.

Ukiwasha, picha inaweza kuja nyeusi na nyeupe, au inapanda juu bila kutulia. Mashine haina kosa. Inatoa picha kwa NTSC, mfumo wa TV wa Japani, na TV za zamani za kwetu zilijengwa kwa mfumo mwingine, PAL. TV nyingi za bapa za sasa zinakubali yote mawili, mradi zina tundu la njano la video.

Halafu jambo moja dogo: nusa. Fungua skrubu za chini, inua ganda, na unuse ubao wa saketi. Ukisikia harufu ya samaki, kapasita, vile visilinda vidogo vinavyotunza umeme, zimeanza kuvuja, na yale maji yake yanakula njia za shaba. Hapo usiwashe tena mpaka fundi azibadilishe na kusafisha ubao.

Habari Mwalimu. Mimi ni wa Likoni, Mombasa. Mashine yangu ni nzima, lakini kitabu kimoja kimeota ukungu, na kurasa zimeanza kuachana pembeni. Rafiki yangu anashauri nizing'oe kurasa, nizipige laminesheni, halafu chipu ibaki peke yake. Anasema gemu litacheza.

Nakuomba, usimsikilize rafiki yako katika hili.

Hii ndiyo barua niliyoisubiri. Kwenye mashine nyingine kaseti ikipoteza karatasi yake, gemu linabaki zima. Kwenye Pico picha ya ukurasani ni sehemu ya mchezo. TV inaonyesha nusu, ukurasa unaonyesha nusu. Sauti itamwambia mtoto aguse mlango, na mlango uko kwenye kitabu, hauko kwenye TV. Ondoa kurasa, ubaki na sauti inayoamrisha vitu visivyoonekana. Tena ukurasa uliopigwa laminesheni unanenepa na kupoteza ukingo wake, na vihisi vinavyotambua kurasa vitachanganyikiwa. Joto la mashine ya laminesheni nalo litapika kadi na wino kwa pamoja.

Fanya hivi. Subiri siku kavu, kaskazi ikivuma, uvae barakoa, utoe kitabu barazani kivulini. Kifunue ukurasa mmoja mmoja, ukiache kipate hewa. Jua kali usikitie, linakunja kadi na kufifisha rangi. Ukungu ukishakauka na kuwa unga, ufagie kwa brashi laini ya rangi, ukielekeza mbali na uso wako na mbali na kurasa nyingine. Usiupanguse kwa kitambaa chenye maji wala spiriti ukiwa bado mbichi, utausugua uingie ndani ya kadi, na kwenye chapa spiriti inaondoka na wino.

Pembe zinazoachana zisikushawishi kutumia selotepu. Selotepu inageuka manjano, gundi yake inatiririka, na miaka kumi baadaye huwezi kuitoa bila kuchana picha. Gundi kali ya matone nayo ni mwiko. Uji wa wanga ambao bibi zetu walitumia ni salama kwa karatasi, lakini pwani yetu ina mende, na mende wanaupenda. Ukipata unga wa selulosi ya methili, wanaoutumia wafungaji vitabu, ukoroge na maji uwe gundi, tia kidogo kwa ncha ya brashi, funika kwa karatasi ya nta, weka ubao mwepesi juu usiku kucha. Usipoupata, acha. Kitabu chenye pembe iliyoachana ni bora kuliko kitabu kilichotengenezwa vibaya.

Meno ya shaba yanayochomekwa kwenye mashine yapanguse kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi ya isopropili, ile safi ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya hospitali wakati mwingine inatiwa mafuta, na mafuta yatabaki kwenye shaba. Petroli, tina na msasa viache kwa mafundi wa magari. Na ule mtindo wetu wa kupuliza kaseti kwa mdomo unatia mate kwenye shaba, ndio mwanzo wa kutu ya kijani.

Ukimaliza, hifadhi katika boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika, vile vya kufyonza unyevu, vinavyobadilika rangi vikishiba. Nunua kipima unyevu kidogo, kisomeke chini ya asilimia 60. Msimu wa masika hewa ya Likoni inapita hapo kwa mbali, kwa hiyo silika utaikausha mara kwa mara. Boksi lisikae sakafuni wala kuegemea ukuta wa nje.

Assalaam alaykum Mwalimu. Niko Maskati. Kwenye intaneti kuna programu zinazocheza gemu za Pico kwenye kompyuta. Kama chipu zimeshanakiliwa, kuna faida gani kuhangaika na plastiki?

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Zipo, na nazishukuru. PicoDrive na MAME zinacheza gemu hizi. Lakini zinahitaji picha za kurasa, na hapo ndipo penye pengo. Kunakili chipu ni kazi ya muda mfupi kwa mwenye kifaa. Kunakili kurasa vizuri kunataka kitabu kizima, kisicho na mikwaruzo, na mtu mwenye subira. Watu wengi walinakili chipu na kuahirisha kurasa.

Kwa hiyo ukiwa na kitabu ambacho kurasa zake ni nzima, zinakili. Skana ya bapa, nukta 600 kwa inchi, uhifadhi kwa faili la TIFF, lisilopunguza ubora wa picha, na si JPEG, jalada la mbele na la nyuma pia. Kitabu kisipolala bapa usilazimishe mgongo. Piga picha kutoka juu, taa mbili, moja kila upande, ili kadi inayong'aa isirudishe mwanga kwenye lenzi. Hakimiliki bado ni ya wenyewe, kwa hiyo kuzihifadhi ni jambo moja na kuziuza ni jingine. Jumba la makumbusho la The Strong huko Rochester, New York, limejikita katika historia ya michezo ya watoto na gemu za kielektroniki, na watu wa aina hiyo ndio wa kuandikiwa ukiwa na kitu adimu.

Hofu yangu si ya kubuni. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena kununuliwa kwa njia ya kawaida. Gemu za watu wazima zina mashabiki wanaozipigania. Za mtoto wa miaka minne nani atazipigania? Mtoto mwenyewe alikua akasahau, na mzazi alitoa boksi lote sadaka.

Mwalimu, ndani ya jalada la kitabu changu mtoto wa kwanza aliandika jina lake kwa kalamu ya wino, herufi moja ikiwa imegeuka. Niifute?

Usiifute. Alikuwa anajifunza kuandika, na mashine hii ilitengenezwa kwa ajili yake. Ukiweka picha za kitabu mtandaoni, lifunike jina, maana mwenyewe yuko mahali fulani na ni mtu mzima sasa.

Bei yake ni kiasi gani?

Walioniuliza hili ni wengi, nami sitataja bei, kwa kuwa kinachouzwa hakilingani. Mashine bila kitabu ni nusu ya kitu, na kitabu chenye kurasa pungufu ni chini ya nusu. Kabla hujatuma pesa kwa muuzaji, mtake akupigie picha ya kila ukurasa ukiwa umefunuliwa, ncha ya kalamu kwa karibu, na mashine ikiwa imewaka na kitabu hichohicho ndani. Akisema hana muda, tafuta mwingine.