Jibu: Kwa nini mtambo wa gesi baharini uvutiwe umeme kutoka nchi kavu?

Mkuu, umeuliza kwa nini Norway wanavuta umeme hadi mitambo ya baharini wakati gesi iko palepale. Sababu kubwa ni hewa ya ukaa. Mitambo mingi huchoma sehemu ya gesi yake kufua umeme, na nishati nyingi inapotea kama joto. Umeme wa Norway kwa sehemu kubwa ni wa maji, na kodi ya kaboni, inayotozwa kwa hewa ya ukaa, ipo tangu 1991. Troll A, mtambo wa gesi wa Norway baharini, inatumia umeme wa nchi kavu tangu 1996.

Kazi kubwa iko kwenye kebo. Hapa Dodoma njia ya kilovolti 400 ya Iringa hadi Shinyanga inapita kituo cha umeme cha Zuzu juu ya nguzo kwa AC (umeme unaogeuza mwelekeo mara nyingi kila sekunde), mamia ya kilomita bila shida. Lakini chini ya bahari, kebo ya AC hujaa na kumwaga chaji kila mzunguko. Ikiwa ndefu mno, haibaki nafasi ya umeme wa kuendesha mtambo. Ndiyo maana Valhall, mtambo mwingine wa Norway ulio karibu kilomita 300 kutoka pwani, walitumia DC, umeme wa mwelekeo mmoja.

Gesi ya kina kirefu mbele ya Lindi ikianza kuchimbwa, natamani hili liingizwe kwenye usanifu mapema. Kubadilisha mtambo uliokwishajengwa ni gharama kubwa mno, na Bwawa la Nyerere la megawati 2,115 tunalo.