Jibu: LTspice inasema milivolti 2, oskiloskopu inasema 90

Salaam ndugu. Kwamba saketi yako ya kushusha volti 12 za betri ya mashua hadi volti 5 ni safi kwenye LTspice (programu ya kuigiza saketi kwenye kompyuta), yaani volti ya kutoka inayumba milivolti 2 tu, lakini chafu mezani kwako Shela, ambako oskiloskopu inaonyesha 90, mimi naituhumu kapasita ya kutokea. Umechora kapasita ya peponi, isiyo na ukinzani wa ndani.

Kwa koili yako ya maikrohenri 22 na masafa ya kilohezi 150, mkondo wa koili hupanda na kushuka kwa takriban ampea 0.88. Kapasita yako ya maikrofaradi 470 peke yake ingeleta mtikisiko wa milivolti 1.6 tu. Ipe ukinzani wa omu 0.1, jambo la kawaida kwa kapasita za elektroliti za bei rahisi, na 0.88 mara 0.1 ni milivolti 88. Ndiyo hiyo unayoiona! Ndani ya LTspice, bofya kulia kwenye kapasita, jaza ukinzani huo na induktansi ya nanohenri 10 hivi. Hatua ya muda ya simulesheni isizidi nanosekunde 10, na usipime kabla volti haijatulia.

Ile miiba mikali ya volti unayoiona kwenye oskiloskopu ni habari nyingine. Waya mrefu wa graundi wa probu (kipimio cha oskiloskopu) huinasa hewani, kwa hiyo tumia springi fupi ya graundi na uwashe kikomo cha masafa cha megahezi 20 kwenye oskiloskopu.

Dawa: ongeza kapasita ya seramiki ya maikrofaradi 22 sambamba na elektroliti, ukikumbuka kwamba maikrofaradi zake hupungua ikiwa na volti. Pia jaribu simulesheni kwa omu 0.2, maana elektroliti ndani ya kisanduku kinachopigwa na jua mashuani hukauka na ukinzani wake hupanda.